Risasi ya Mjomba na Mihogo ya Mama

Nguruwe pori walipoingia shambani kwa mama kule Mitundu, mihogo ilikuwa imefikia kung'olewa. Mvua ilikuwa imetupa kisogo, mahindi yamekauka yangali machanga, na kama mihogo nayo ingekwenda, tungelala njaa. Mama akaenda kwa kaka yake, mjomba wangu, mwenye raifo na kibali chake. Mjomba alikubali siku hiyo hiyo. Kilichobaki ni kuchagua risasi, na hapo ndipo nilipojua kwamba wanaume wa ukoo wetu tungepewa kazi ya kuumba dunia, mpaka leo pangekuwa giza.

Risasi zake zilikuwa za aina mbili. Moja ina ncha laini: ikimpata mnyama inapanuka ndani, naye anaanguka palepale. Nyingine imevikwa shaba mpaka nchani: inapita na kutokea upande wa pili, ikiacha tundu dogo. Mjomba alitaka ya ncha laini. Vichaka vya kwetu vimesongamana hivi kwamba mbwa akiingia hutoka kinyumenyume, na nguruwe aliyejeruhiwa akijificha humo, anayemfuata aage kwanza.

Shemeji yangu, mume wa dada, alipinga. Yeye ni mwimbaji wa kwaya na mpenzi mkubwa wa kitimoto. Kila jioni alikuja, akatoa shikamoo kwa heshima zote, kisha akaanza ubishi.

"Mjomba, hiyo laini itasaga bega zima. Na bega ndiyo nyama."

"Nyama hiyo inanihusu nini mimi?" mjomba akauliza. Yeye ni mtu wa msikitini. Nguruwe hamli, hamgusi, hata kumtaja humtaja akiangalia pembeni.

"Ndiyo maana nasema. Asiyekula asimchagulie mlaji."

"Na asiye na bunduki je?"

Walizitandaza risasi kwenye mkeka, wakazigeuza, wakazipima mkononi. Mama alipita na beseni lake, akawatazama, akaendelea na kazi. Mimi nilikuwa nawaka. Nikawaambia hata manati ingetosha, mradi ipigwe leo. Mjomba akasema asiyejua silaha anyamaze, na shemeji, kwa mara ya kwanza tangu ubishi uanze, akakubaliana naye.

Mwishowe ncha laini ilishinda, kwa kuwa mwenye bunduki ni mwenye bunduki. Alfajiri tukajibanza kando ya shamba. Mjomba alipiga mara moja tu. Dume kubwa likaanguka palepale, na wenzake wakatimkia vichakani. Nilifurahi nikamsahau hata aliyenikasirisha. Shemeji alimkimbilia mnyama, akalipapasa bega lililosagika, akainama kama mfiwa. Mjomba yeye alikwishashika njia ya nyumbani, akitangulia mbali, upande ambao upepo haukumletea harufu.

Nyumbani jogoo alikuwa amefungwa mguu, akimsubiri mjomba amchinje mwenyewe, na chungu chake kipo tayari, kile ambacho mama hajawahi kukipikia nguruwe. Ndivyo tunavyoishi kwetu, na hakuna anayeona ajabu. Tukakaa kungoja sifa.

Mama alikuwa ameenda kulitazama shamba. Aliporudi hakumgusa jogoo wala hakumtazama nguruwe wa shemeji.

"Mlipokuwa mnachagua risasi," alisema taratibu, "wenzenu walikuwa wanachagua mihogo."

Ile mitamu yote ilikuwa imekwisha. Iliyobaki ni michungu, ambayo hata nguruwe waliionja wakaiacha, na ambayo haiwi chakula mpaka imenywe, ilowekwe, ianikwe na kutwangwa unga. Njaa tungeiepuka, ila kwa jasho. Nilisikia aibu, ingawa mimi nilikuwa mtu wa manati.

Jioni hiyo mama alitumwagia lundo la mihogo kwenye mkeka uleule wa risasi. Akaweka visu mbele ya mjomba na shemeji, kimoja kirefu na kingine kifupi, akasimama kuwatazama. Kila mmoja akachukua kilichokuwa karibu naye.