Jiko la Mke wa Muuza Gesi

Mtaani walimwita Mzee Mtungi, na jina lilimkaa kuliko shati. Aliuza gesi kwenye kibanda cha mabati pale kona, na hakuna nyumba ya jirani iliyowahi kulala njaa kwa kukosa moto, isipokuwa moja. Hiyo moja ilikuwa yake. Kinyozi hajinyoi, tunajua, lakini huyu alizidi. Mteja akiishiwa na kibandani hakuna kitu, Mzee Mtungi alikimbia nyumbani, akaufungua mtungi wa jikoni kwake mkewe akiwa katikati ya mapishi, akauweka begani na kuondoka akisema mteja ni mfalme. Mfalme alikula wali. Mke na watoto wa Mzee Mtungi walikula mkate.

Mkewe, fundi cherehani, alilalamika mpaka akachoka. Kisha akanyamaza, na waliooa wanajua kwamba hapo ndipo pa kuogopa. Siku moja akarudi na jiko la induksheni, lile la umeme lenye kioo bapa, lisilo na moto wa kuonekana, linalopasha chombo chenyewe.

Mzee Mtungi akaona ameumbuka. Wateja wakisikia kwamba kwa muuza gesi kunapikwa kwa umeme, nani atamnunulia tena? Kwanza alilipiga vita kwa maneno, kwamba litawarusha watoto. Hakusikilizwa. Mkewe alipotoka, akalibandikia sufuria ya alumini yenye maji. Jiko likalia pii, pii, likazimika. Mke aliporudi alitangaziwa, kwa furaha isiyo na haya, kwamba ameuziwa kitu kibovu. Hakubishana. Alibandua sumaku kwenye mlango wa friji, akaigusisha kwenye kitako cha sufuria ile, ikaanguka. Akaigusisha kwenye sufuria ya chuma, ikang'ang'ania. Jiko lile hupasha tu chombo kinachoshika sumaku; akabandika hiyo ya chuma, na maji yakachemka kabla mumewe hajapata uongo mwingine.

Ikabidi aombe. Aliomba jiko jipya likae nyuma ya mlango, na mtungi mmoja uliojaa ubaki mbele, umefungwa kwenye jiko la zamani, ili mgeni akichungulia aone gesi. Mkewe alikubali kwa kuinua bega moja. Basi mtungi ukakaa pale umepanguswa vumbi, haufanyi kazi yoyote, kama bwana harusi.

Jumapili moja akaja mwenye mgahawa, mteja wake mkubwa, mama mwenye mdomo usiojua kufuli. Gesi imemwishia, wateja wamekaa mezani wanagonga vijiko. Kibandani hakukuwa na kitu. Mzee Mtungi, kwa mazoea tu, akaingia mbio jikoni, mkewe alimokuwa akipika, akaufungua mtungi na kuuweka begani. Mama wa mgahawa alikuwa amemfuata nyuma ili kumharakisha. Akasimama mlangoni akitega sikio, kisha akachungulia nyuma ya mlango.

"Dada," alimwuliza mke wa Mzee Mtungi, "mbona mtungi umetoka na maharage bado yanatokota?"

Mzee Mtungi aligeuka, mtungi begani. Alikuwa na uongo tayari ulimini, kitu kuhusu joto lililobaki. Lakini mkewe alimtangulia, bila kuinua macho.

"Kwa sababu leo, dada, ndiyo mara ya kwanza tangu anioe amebeba mtungi wangu na wanangu watakula."

Hakusema kwa hasira, na ndiyo maana neno lilichoma. Mzee Mtungi alikuwa na hakika siku zote kwamba mkewe hulalamikia gesi; kumbe alilalamikia watoto kuwekwa nyuma ya wateja. Akaona aibu, si ile ya kibandani aliyoihangaikia wiki nzima, bali nyingine, nzito kuliko alichobeba.

"Nisamehe, mama watoto," alisema, mbele ya mteja.

Mkewe alikoroga maharage, akafunika. Akamwambia aupeleke huo mtungi, watu wa watu wasilale njaa, na akirudi arudi mikono mitupu, mtungi wa kuonyesha wageni hautakiwi tena.