Nilivyovukwa na Nguo Bangkok

Nianze kujicheka mwenyewe kabla hamjanicheka nyinyi: kazi yangu hapa Diani ni kutembeza wageni kwenye msitu wa kaya, msitu mtakatifu wa wazee wetu, na pale langoni mimi ndiye ninayewafunga kaniki kiunoni ili waingie kwa heshima, kisha mimi huyo huyo nikaenda kuvukwa na nguo Bangkok, mbele ya mama mkwe.

Mama mkwe (mtu wa Msambweni, mtu wa swala na haya zake) hakuwahi kunikubali sawasawa, maana kwake mtembeza wageni ni muhuni aliyepewa sare, na miaka yote ya ndoa aliniita "wewe" tu. Basi shemeji yangu anayepika hotelini kule Bangkok alipotualika, mimi na mke wangu Mwanasha na mama yao, nikasema moyoni safari hii lazima nirudi naitwa mwanangu.

Jumba la Kifalme tulilitembea salama, mapaa yanameremeta dhahabu hadi macho yanauma, na sanamu ya Buddha aliyelala tukaizunguka hadi miguu ikachoka. Kesho yake joto likazidi, nikavaa kaptura. (Mwanasha alinikataza, hilo nakiri.) Kwenye kivuko cha kwenda Hekalu la Alfajiri, ng'ambo ya mto, nikakaa ukingoni nipigwe picha, nikapigwa na wimbi, nikalowa. Mlinzi wa hekalu akatazama magoti yangu, akatikisa kichwa, akaniazima kitambaa cha kujifunga. Nikaingia chooni, nikaona kaptura yenyewe chepechepe, nikaivua, nikatoka nimejifunga kitambaa bila kaptura ndani.

"Baba Zainabu, si ungeivaa ndani!" Mwanasha akanong'ona.

"Wewe, mimi nafunga vikoi tangu nilipotahiriwa!"

Kumbe kitambaa chao kinateleza, hakishiki kama kikoi.

Ngazi za hekalu zimesimama wima, mimi mbele, mkwe nyuma yangu, na ukuta wote umepachikwa vipande vya vyombo vya kaure. Kazi ikanipanda kichwani. Nikageuka, nikatandaza mikono: "Mama, tazama, kama zile sahani zilizopachikwa kwenye makaburi yetu ya kale..."

Sahani hakuziona. Nilibaki na chupi kuukuu, tena ina tundu mahali ambapo tundu halifai kabisa, na watalii kule chini wameshainua simu.

"Astaghfirullahi!" Mkwe akafumba macho. Niliona aibu hadi masikio yakawaka, nikajua ndoa yangu inateremka ngazi pamoja na kile kitambaa. Lakini yeye, macho kayafumba vilevile, akavua leso ya mabegani na kuninyooshea.

"Jifunge, mwanangu. Na mara hii ufunge kama mtu mzima."

Mwanangu! Hekalu lote nililimaliza na leso ya maua mekundu, nimenyooka kama bwana harusi.

Kaptura nimeapa sizivai tena. Na siku hizi kila mgeni wa kaya namfunga mafundo mawili, akiuliza kwa nini namwambia ni mila ya wazee. Mzee mwenyewe yuko Msambweni, na kila asubuhi nikimpigia simu kumwambia shikamoo, hujibu:

"Marahaba, mwanangu. Umejifunga sawasawa?"