Kimera, Pilipili na Mayai ya Madam Yun

Annah Nabalayo alikuwa na tabia moja iliyomchosha mumewe: hakuweza kula kitu kitamu bila kutaka kujua kimepikwaje. Kwenye harusi angeiacha sahani yake mezani akaenda kuwatafuta wapishi nyuma ya hema. Hata matangani.

"Mama Triza, siku moja utafukuzwa," Lusweti, mumewe, alikuwa akimwambia, akimwita kwa jina la binti yao.

"Bado sijafukuzwa," naye alijibu.

Mwaka wa 1994 Nabalayo alikuwa na miaka thelathini na mitatu. Waliishi mtaa wa Umoja, Lusweti akiwa fundi wa kuchomelea vyuma, na yeye akifanya kazi katika kiwanda cha nywele bandia huko Baba Dogo. Kutwa nzima alipitisha mafungu ya nyuzi kwenye ubao wenye misumari mirefu mpaka yanyooke, kisha akayafunga. Aliyewafundisha kazi hiyo alikuwa mama wa makamo kutoka Korea, ambaye wote walimwita Madam Yun. Alikuwa mfupi, mwepesi wa mikono, na Kiswahili chake hakikuzidi maneno thelathini: vuta, chana, bado, pole pole, tena.

Saa saba wafanyakazi walitoka nje kula githeri, mahindi yaliyopikwa na maharagwe, kwenye vibanda. Madam Yun alibaki ndani, akafungua bakuli lake la plastiki peke yake. Wengine walisema anakula nyoka. Nabalayo hakuamini wala hakukataa, alitaka kuona. Siku moja alirudi ndani akijifanya amesahau leso, akapita karibu na meza ile na kuchungulia.

Lilikuwa yai. Lakini weupe wake ulikuwa umegeuka rangi ya chai ya rangi, kiini kilikuwa laini kama asali, na juu yake kulikuwa na rojo jekundu lililonyunyiziwa mbegu ndogo ambazo Nabalayo alizijua tangu utotoni kwao Bungoma.

"Hiyo ni simsim?" aliuliza kabla hajajizuia.

Madam Yun alimtazama. Halafu akalikata yai kwa vijiti vyake, akaweka nusu kwenye kifuniko na kumsogezea.

Kwanza ilikuja chumvi, kisha utamu, kisha pilipili. Na haikuwa pilipili ya kuchoma ncha ya ulimi na kupotea. Ilipanda taratibu, ikakaa, na chini yake kulikuwa na ladha nyingine ambayo Nabalayo aliifahamu lakini hakuweza kuitaja. Alisimama pale akitafuna huku machozi yakimtoka.

"Moto?" Madam Yun aliuliza.

"Moto. Lakini kuna kitu kingine ndani. Ni nini?"

Madam Yun alifungua mdomo, akaufunga. Hakuwa na neno lake.

Jumamosi hiyo Nabalayo alinunua chupa ya sosi ya soya, na mayai sita kwa Njoki, jirani yake aliyefuga kuku wa mayai nyuma ya nyumba. Aliyachemsha, akayamenya, akayalaza kwenye sosi ile hadi kesho yake. Lusweti aliuma moja, akatafuna kwa muda mrefu, kisha akanywa glasi mbili za maji.

"Ni kama raba iliyoanguka baharini," alisema.

Mara ya pili Nabalayo alisimama mbele ya saa ya ukutani, akayatoa mayai jikoni baada ya dakika sita na kuyatia kwenye maji baridi. Sosi aliichanganya na maji, sukari, kitunguu saumu na majani ya vitunguu. Safari hii viini vilibaki laini, na Lusweti alikula matatu. Ila rojo jekundu lilimshinda. Alijaribu nyanya ya mkebe na pilipili ya unga. Alijaribu asali. Kila mara alionja, akatikisa kichwa.

Mwishowe alimwendea Madam Yun. Mama yule alitoa mkebe mdogo kwenye mkoba wake na kumwonyesha: chini kabisa kulikuwa na utando mwembamba tu.

"Kwisha," alisema. "Mwaka mmoja, moja," akaongeza, akiugonga mkebe kwa kidole.

Kisha akageuza kipande cha boksi na kuanza kuchora. Pilipili. Maharagwe ya soya, yakichemka, halafu yakiwa yamefungwa na kuachwa yavunde. Mchele. Mwisho alichora punje yenye ndevu ndefu, akaiwekea mizizi midogo.

"Maji. Siku tatu," alisema, akichezesha vidole chini kama mizizi. "Jua. Saga."

Nabalayo alipiga meza kwa kofi, hadi wenzake wakageuka.

"Kimera! Madam, hicho ni kimera!"

Ndiyo ile ladha aliyokuwa akiitafuta. Nyanyake alikuwa akiotesha wimbi kwenye gunia bichi, akaanika na kusaga, na nyumba nzima ikanukia utamu uliokaribia kuchacha. Punje ya Madam Yun haikuwa wimbi, ilionekana jamii ya ngano. Nabalayo aliona hiyo si sababu ya kusita.

Wiki hiyo aliloweka wimbi. Alichemsha soya, akaiponda, akaifunga kwa majani ya mgomba na kuiweka karibu na jiko. Siku ya nne, Lusweti alisimama mlangoni akashika pua.

"Mama Triza, kuna panya amekufa."

"Ni soya."

"Basi soya imekufa."

Wimbi lilipoota, alilianika juu ya paa la saruji. Hapo ndipo majirani walipoanza kunong'ona. Kimera kilijulikana kwa kazi moja tu, kutengeneza pombe, na kupika busaa, pombe ya kienyeji ya nafaka, kungeweza kuwaleta polisi hadi mlangoni.

Njoki alimjia na sura ya huruma. "Mama Triza, watu wanasema unapika pombe."

"Nani wanasema?"

Njoki aliangalia chini. "Hata mimi nimesema kidogo."

Habari zilifika kanisani. Jumapili moja mchana, Mzee Mulama, mmoja wa wazee wa kanisa lao, alibisha hodi akiwa bado na Biblia kwapani. Alikuwa mtu wa upole, na ilionekana amekereka kwa kutumwa jambo lile.

"Dada Annah, sikuja kukuhukumu. Nimekuja kuona kwa macho yangu."

Nabalayo alimpandisha paani, akaondoa kitambaa kwenye mtungi. Ndani kulikuwa na rojo zito, jekundu lililokolea. Alikuwa amechemsha unga wa mchele kwenye maji ya kimera hadi ukawa mtamu, akachanganya soya iliyokaushwa, pilipili na chumvi. Sasa lilikuwa likiota jua kwa wiki ya tano.

"Onja, Mzee."

Mulama alichota kwa ncha ya mwiko. Alikohoa, akaketi kwenye tofali, akafuta jasho usoni. Waliokuwa uani walimwangalia kutoka chini. Baada ya kitambo alinyoosha mkono, akachota tena.

"Hii si pombe," alitangaza kwa sauti ya kusikika uani. Halafu akauliza polepole, "Inaliwa na nini?"

Jua la Machi lilipopita, Nabalayo alibeba mayai manne kazini. Alijua kwamba rojo lake lilikuwa jeusi zaidi kwa sababu ya wimbi, lakini alifungua bakuli na kumsogezea. Madam Yun alikula yai zima.

"Si kama ya mama yangu," alisema hatimaye.

"Najua."

"Lakini..." Aligusa kifua chake. Kisha akala la pili, na la tatu. Alipomaliza aliashiria kwamba anataka kuja kuona mtungi wenyewe.

Alikuja Umoja Jumapili iliyofuata akiwa na kikaango cha pembe nne. Safari hii yeye ndiye aliyeuliza maswali, kwa vidole na maneno yake machache: hizi punje ndogo zinaitwaje, gunia linamwagiwa maji mara ngapi, mbona ni nyekundu hivi. Aliandika yote kwenye daftari kwa herufi zake. Baadaye alikoroga mayai na rojo lile, akamimina utando mwembamba kikaangoni, akaukunja, akamimina mwingine, akakunja juu yake. Njoki, aliyekuja na trei ya mayai na hakutaka kuondoka, alitazama mara mbili, kisha akauchukua mwiko.

"Nipishe, Madam. Mimi nimekunja chapati tangu nikiwa na miaka saba."

Walikula yai lile lililokatwa vipande, kwa ugali na mboga ya sukuma wiki. Lusweti alimaliza fungu lake na kumwomba mkewe nusu ya lake.

Madam Yun alirudi kwao mwaka wa 1997. Nabalayo ameendelea kupika rojo lake kila mwezi wa kwanza, jua likiwa kali. Amejaribu kimera cha mtama, kikawa kichungu. Cha mahindi kilitoka chepesi mno. Nabalayo akiwa zamu ya mchana, Lusweti ndiye anayepanda paani kufunua mtungi, na akishuka huwa na wekundu kidogo kwenye ncha ya kidole.