Kiboko Katikati Yetu

Mume wangu ni mwalimu wa fizikia, na ugonjwa wake ni nyota. Tulipohamishiwa Basotu, kando ya ziwa, yeye shuleni na mimi zahanati, watu walitupa pole kwa baridi na vumbi. Yeye alifurahi tu, kwa sababu taa za umeme ni chache na usiku nyota zinashuka hadi majini.

Usiku ule tuliwaacha watoto kwa jirani, tukaenda ziwani. Nilimfuata kwa kuwa naogopa kumwacha peke yake; sijui nilidhani ningemsaidia nini. Tulipata mahali pazuri, nyasi fupi kana kwamba zimefyekwa. Tukadhani zimeliwa na ng'ombe. Viboko tulizoea kuwaona upande wa pili, kwenye matete.

Alisimamisha kamera karibu na maji. "Nikibonyeza inafunguka, nikibonyeza tena inajifunga," alinieleza, kana kwamba sijawahi kusikia. "Nikichelewa kuifunga, nyota hazitatoka nukta, zitatoka mistari. Na wewe usiwashe tochi, utaniharibia."

Akabonyeza. Nikakaa juu kidogo, tochi mapajani, nimejifunika blanketi. Muda si mrefu nikasikia nyasi zinakatwa. Nikasema moyoni, ng'ombe wa mtu kapotea. Halafu nikakumbuka kuwa huku hakuna anayelaza ng'ombe nje, na nikaona sehemu ya ziwa imezibwa na kitu kipana. Kilikuwa kati yangu na mume wangu.

Alikuwa kiboko. Nimewahi kumpokea zahanati mtu aliyekutana na kiboko. Majeraha niliyoyafunga siku ile sitaki hata kuyaeleza. Kiboko akishtuka hukimbilia majini, na hajali nani yuko njiani. Njiani alikuwa baba wa watoto wangu. Nikiwasha tochi, namuua. Nikinyamaza, atakusanya vifaa vyake na kupanda moja kwa moja hadi mdomoni mwa mnyama yule.

Nikasema taratibu, kama ninayeomba chumvi mezani: "Baba watoto, usije huku. Kuna kiboko katikati yetu. Sogea pembeni, nenda kwenye mawe."

Hakujibu. Kutafuna kukakoma. Kisha ardhi ikatetemeka, maji yakapasuka, kukawa kimya.

"Baba watoto!"

Kimya. Niliita tena, sauti ikatoka nyembamba, nikaona si yangu. Niliwaza nitawaambia nini watoto. Nikawaza hata jeneza litasafirishwaje kutoka huku hadi kwao. Sasa tochi ningeweza kuiwasha, lakini niliogopa nitakachokiona. Nikaita tu, nikaita hadi koo likakauka.

"Niko hapa," akasema mwishowe, kutoka kwenye mawe. Alikuwa amelala kifudifudi, ameogopa hata kupumua. Nilimfuata nikampiga ngumi za mgongoni huku nalia, naye akaniacha nimpige. Kamera ilikuwa imesimama vilevile, kiboko amepita kando yake. Ndipo akaenda kuifunga.

Picha ile ipo ukutani sebuleni kwetu. Wageni huuliza kwa nini nyota zimekuwa mistari. Yeye huwaeleza jinsi dunia inavyozunguka, nao huisifia. Mimi naujua urefu wa ile mistari. Ni muda wote niliomwita asiitike.