Mashini Yangu mu Salo ya Prezida

Prezida wa asosiasio alikaa kwa mashini yangu ya kushona, mu salo yake, chumba ya bageni, viatu vyake vya kungaa juu ya pedali yangu, anaonyesha muzungu mwenye kutawala sité, mutaa ya bantu beusi, namna anatafutaka maisha. Miye nilisimama ku mulango, nashika kofia ya muzungu. Prezida akaninyooshea kidole: «Ule njo boyi yangu wa kushona.» Yee mwenyewe hakuyua hata kuingiza uzi mu sindano. Alikanyaga pedali, mashini ikalia bila nguo, na muzungu akatikisa kichwa kwa furaha.

Nilisema: «Bwana, ile mashini iko yangu.» Muzungu alikuwa mupya, Kiswahili hakiyui. Sekretere wa asosiasio, mwenye alisomaka kwa bapadri na kila siku anatukumbusha, akageuza maneno yangu mu Kifaransa. Muzungu akanipa mukono. Kisha sekretere akaninongoneza: «Nilimwambia unashukuru asosiasio. Nyamaza, mukubwa.»

Tuanze mbele ya pale. Nilishonaka ku baraza ya nyumba yangu, mu sité. Polisi balinifukuza kila juma juu sikuwa na ruhusa. Ile wakati bale babili bakakuja: prezida, mwenye bar, tumbo inaingia mbele yake, na sekretere, kravati mu joto. Bakasema: ingia asosiasio ya bantu ba biashara, polisi habatakugusa tena.

Bibi yangu aliuliza jikoni: «Baba ya batoto, batatupa nini?»

«Amani ya polisi.»

«Na beye batakamata nini?»

«Bibi, unaongea sana.»

Nikaingia.

Kisha bakatuambia muzungu atatembelea nyumba za bamemba, aone kama tunaishi kama bantu ba maendeleo. Akifurahi, atapatia asosiasio nafasi za duka ku soko. Shida: hakuna mutu alikuwa na salo nzima. Mumoja alikuwa na fotei, viti vya kukalia vizuri, mwingine saa ya ukuta, mwingine sahani za maua. Njo tukafanya akili. Muzungu akimaliza biskuti mu nyumba moja na kusimama barabarani kupiga soga, fotei zinatoka na mulango ya nyuma, zinapita mu vijia vya nyuma ya nyumba, zinamungojea mu nyumba ya pili. Mu nyumba ya tatu alikaa mu fotei ile ile na akasema bantu betu banapenda rangi moja. Sekretere akatugeuzia maneno, tukacheka kwa adabu.

Mashini ya kushona, ni miye peke yangu nilikuwa nayo. Prezida aliomba nimuazime saa moja tu, juu nyumba yake ilikuwa ya mwisho na bar haionekani kazi ya heshima. Nilibeba miye mwenyewe, ku bega.

Kesho yake nikaenda kuichukua. Prezida alikuwa anakunywa chai.

«Muzungu ameiona hapa,» akasema. «Akirudi na haiko, sisi wote tunaonekana bawongo. Unataka uharibu asosiasio?»

«Nataka kushona, prezida.»

«Basi shona hapa.»

Memba bote balimupa haki, hata mwenye fotei, juu zake zilirudi. Nafasi ya soko ikatoka, akaipata prezida, akafungua mule ateliye, nyumba ya kazi ya kushona. Akaniita nikashone kule, ku mashini yangu, kwa mushahara yake. Nilikataa. Nikaenda kubeba mifuko ya unga ku gari ya moshi mpaka mugongo ukaharibika, na bibi yangu akauza munkoyo, kinywaji ya mahindi, ili batoto bakule.

Bazungu balienda. Vita ikapita, bengi bakakufa, sisi tukabaki. Prezida anaishi bado, kila yenga, siku ya Mungu, anakaa benchi ya kwanza mu misa, anapeana mukono na bote. Sekretere ni mukubwa wa ofisi.

Siombi banilipe. Nataka prezida asimame mbele ya bamemba benye babaki, mwenyewe, bila sekretere pembeni, aseme nani alimupa ruhusa ya kuniita boyi mbele ya mashini yangu. Na bale benye balimupa haki, bajibu na beye. Niko nangojea.