Nyuzi za Marehemu Ozell

Marehemu Ozell, mwalimu wetu wa bluzi hapa Mississippi, hakumwamini mtu. Kila alipoweka gitaa chini alilegeza nyuzi zote, mtu asije akajua anavyozikaza. Alipofariki, gitaa likaja kwangu, na bendi tukaiendeleza sisi wanafunzi wake.

Sasa kila Jumamosi, tukitoka nje ya kilabu kula kambare wa kukaanga, nikirudi nakuta nyuzi zimelegea. Nikamshuku Lucius, mpiga ngoma.

"Lucius, unanichezea?"

"Nguvu za kukuchezea nitoe wapi? Labda Mzee amerudi."

Sikucheka. Jumamosi iliyopita niliacha sahani yangu nikaenda kuchungulia dirishani. Nikamwona Mama Verlene, mjane wa Ozell, gitaa mapajani, analegeza uzi mmoja mmoja.

"Mama, kumbe ni wewe? Unamficha nani siri ya nyuzi, na gitaa ni langu?"

Hakushtuka wala hakuacha.

"Ozell aliniachia kazi hii. Alisema nilegeze tu, mwizi atakuja mwenyewe kuchungulia."

Nyuma yangu Lucius, mdomo umejaa kambare, akaguna.