Mkazo Niliouficha Isaka

Mama mmoja wa Isaka, mwenye mgahawa karibu na bandari kavu, aliwahi kuninyima binti yake. Nilikuwa nimekaa nje, yeye akasema ndani kwa sauti ya kunifikia: "Huyu leo yuko Geita, kesho Kahama. Mwanangu aolewe na vumbi?" Binti akaolewa na Mholanzi, akaenda kuishi kwao.

Mimi nikaendelea kuzurura. Kwenye kambi ya wachoronga miamba, upande wa Bugarama, nilifua nguo za fundi mmoja Mholanzi, nikamsumbua kwa maswali mpaka akanifundisha lugha yake. Kilichonivuta zaidi ni maneno waliyoazima. Sisi tukiazima neno, tunalilazimisha litembee kama letu, mkazo ukae kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Wao, mengi waliyochukua kwa Wafaransa, huyaachia uzito mwishoni: sho-ko-LA, yaani chokoleti, na ka-DO, yaani zawadi. Nikikosea, fundi aligonga meza.

Mwaka jana nilipita Isaka. Yule mama akaniletea wali na nyama kabla sijaagiza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nasikia unajua Kiholanzi. Mjukuu wangu hajui Kiswahili. Kwenye simu ananitazama tu, halafu anakimbia. Nifundishe nimwambie nimemtumia zawadi ya chokoleti."

Leo nimekuwa "mwanangu". Nikamfundisha: KA-do. Sho-KO-la. Yalimkaa vizuri mdomoni, akawa anayarudia huku akikata vitunguu, anacheka peke yake.

Jumapili akapiga simu ya video. Nilikaa pembeni nisionekane.

"KAdo," akasema. "ShoKOla."

Mtoto akakunja uso, akamwuliza mama yake kwa lugha yao: bibi anasema nini? Akasubiri kidogo, akakimbia.

"Mama, nani kakufundisha hivyo?" binti akauliza.

Mama akanitazama. Hakunitaja. Simu ilipokatika akasema, "Umenifanyia makusudi."

"Ndiyo, mama."

"Kwa sababu ya maneno ya zamani yale?"

"Yale yale."

Akavuta kigoda, akakaa mbele yangu. "Haya, umelipiza. Sasa nifundishe vizuri."

Nje, dereva wa lori la Kigali lililokuwa linichukue alikuwa ananipigia honi. Nikachukua begi langu, nikapanda. Mpaka leo sijamwambia uzito wa yale maneno unakaa wapi. Lori likisimama Isaka, sishuki.